Kwa nini ninachora mawingu

Najua nimepotea muda mrefu, si mnajua tena mambo ya shifti, mtu unatoka kazini umechoka mpaka kuwasha kompyuta unaona kama kupanda Kibo. Leo nina mapumziko ya siku tatu, nikasema ngoja niwaandikie.

Nataka kujibu swali ambalo nimeulizwa sana, na dada zangu, na wale tuliosoma nao digrii ya uuguzi, hata na Mtanzania mwenzangu ninayefanya naye kazi huku. Swali lenyewe ni hili: "Hivi wewe na utu uzima wako, siku ya mapumziko badala ya kulala au kuchukua shifti ya ziada, unaenda kukaa porini kuchora mawingu, una nini?" Mmoja akamalizia kabisa kwamba hiyo ni shughuli ya wazungu waliostaafu. Nilicheka, maana ana ukweli, wengi ninaokutana nao huko wana mvi. Lakini swali lake ni la haki. Shifti moja ya ziada ya usiku inasaidia ada ya mtoto wa ndugu yangu. Kwa hiyo siwezi kujibu kwa mkato kwamba napenda tu, basi. Naomba mnivumilie, jibu lina urefu kidogo.

Nianze na boksi la rangi.

Mwezi wa nane mwaka 2022 nilikwenda nyumbani Machame, mara ya kwanza tangu korona iingie. Mnaijua safari ya kwenda nyumbani. Kila mtu ameshakutumia saizi ya kiatu. Katika mizigo yangu niliweka boksi la rangi za maji la mpwa wangu anayependa kuchora, pamoja na daftari lake la karatasi nene. Kufika uwanja wa ndege, mzani unasema kilo 26, ruhusa ni kilo 23. Basi nikafungua sanduku mbele ya foleni nzima, nikaanza kupunguza, watu wananitazama. Vilivyotoka ni sabuni, jozi moja ya viatu, boksi la rangi na daftari. Rafiki yangu aliyenisindikiza akarudi navyo. Mpwa nilimnunulia rangi nyingine Moshi mjini, hakuna aliyelia.

Nyumbani nikakuta jambo. Mama ananimiminia chai, chai inapita pembeni ya kikombe. Anatembea kihambani, anagonga bega kwenye mgomba anaoujua miaka yote. Ukisimama ubavuni mwake hakuoni mpaka ageuze kichwa. Lakini huyo huyo ukimpa miwani yake na sindano anatunga uzi mwenyewe! Majirani wakasema ni uzee tu. Mimi kwa kazi yangu moyo ukanidunda, nikampeleka kupimwa macho. Jibu likawa presha ya macho, ndiyo inaitwa glakoma.

Kwa wasioijua, huu ugonjwa unaharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo. Mara nyingi hauumi. Unaanza kula pembeni, polepole, katikati panabaki pazima, kwa hiyo mgonjwa anasoma, anashona, hana habari. Baada ya miaka anakuwa kama mtu anayechungulia dunia kwenye tundu la bomba. Na kilichokwisha potea hakirudi.

Hapo ndipo kikao cha ukoo kikaitishwa, na mimi ndiye ajenda. "Si uko Ulaya wewe, tena nesi, mchukue mama akatibiwe huko kwa wenzetu." Nikaeleza mpaka koo likakauka. Nikasema mshipa huo ukishakufa umekufa, iwe Moshi, iwe London, iwe Marekani. Kuna matone ya kila siku, kuna upasuaji wa kushusha presha, vyote kazi yake ni kulinda kilichobaki. Nikaziona nyuso zao, hazikuniamini sana. Unaishi kwenye nchi ya mashine zote halafu unasema haiwezekani? Mama peke yake ndiye aliyesema, "Mwacheni mwanangu. Amesema kilichobaki kilindwe, basi kilindwe." Akaomba aonyeshwe namna ya kudondosha matone bila kusaidiwa na mtu.

Mwezi wa tisa nikarudi kazini na hilo jambo moyoni. Huku nikawa nawageuza kitandani mama za watu, nawapaka mafuta miguuni, nawasomea barua zao. Wa kwangu yuko Machame anapapasa ukuta. Wenzangu mlioko ughaibuni mnaofanya kazi hizi za kutunza wazee, najua hapa hamhitaji maelezo.

Kisha likaja baridi. Mwezi wa kumi na mbili huku jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Ukitoka shifti ya usiku, ukapata usingizi saa tatu asubuhi, ukiamka saa tisa mchana unakuta siku inaaga. Wiki inapita hujaliona jua. Na wodi haikuachi, inakufuata nyumbani. Mashine za dripu zina mlio wake, za oksijeni zina wake, kengele ya mgonjwa ina wake, na yote niliyasikia nikiwa kitandani kwangu. Friji ikilia nakurupuka natafuta kitanda namba ngapi. Juu ya hayo kuna mambo ya mwaka 2020 ambayo hatukuwahi kukaa chini kuyalia. Siku zile tulikuwa tunashika simu kwenye sikio la mgonjwa ili watoto wake wamuage kwa mbali, halafu unaosha mikono, unakwenda kitanda kinachofuata. Wenzangu kadhaa waliacha kazi. Na mimi niliandika barua ya kuacha, ikakaa kwenye kompyuta.

Siku moja ya Januari 2023 nimeamka mchana, nikaliona lile boksi la rangi kwenye rafu, rafiki yangu alikuwa amelirudisha zamani. Nikalifungua. Nikajaza maji kwenye kikombe, nikachora nilichokiona dirishani: paa la jirani, bomba la moshi, na wingu. Picha ilikuwa mbaya jamani, wingu kama chapati iliyoungua. Lakini nilipotazama saa, saa nzima ilikuwa imepita na sikuwa nimesikia mlio hata mmoja kichwani.

Nikasema, haya, kesho tena.

Majira ya kuchipua yalipofika nikaanza kutoka nje. Mimi naishi mashariki mwa Uingereza, na huku kuna bonde ambalo wachoraji wanalijua dunia nzima. Unapanda treni kutoka Ipswich kuelekea London, unashuka Manningtree, unatembea kandokando ya mto Stour kama kilomita tatu hivi, ng'ombe wanakula majani pembeni yako, mpaka unafika mahali panapoitwa Flatford. Upande mmoja wa mto ni Essex, upande wa pili ni Suffolk. Pale kuna kinu cha zamani cha matofali kilichosagwa nafaka kwa nguvu ya maji. Kilikuwa cha baba yake mchoraji John Constable, aliyezaliwa mwaka 1776 kijiji cha jirani, East Bergholt. Picha yake inayojulikana kuliko zote, The Hay Wain, ya mwaka 1821, inaonyesha mkokoteni wa kubebea nyasi umeingia majini mahali hapo hapo, na nyumba iliyoko kushoto kwenye picha bado imesimama. Picha yenyewe iko National Gallery pale London, kuingia ni bure, mkipita London msiishie madukani tu. Mwaka 1824 ilipelekwa Paris ikapewa medali ya dhahabu, wakati nyumbani kwake mwenyewe wanunuzi walikuwa wachache. Nabii hakubaliki kwao.

Siku ya kwanza nilikaa pale na kiti changu cha kukunja, mwanamke mweusi peke yangu, koti la mvua, kofia ya sufi mwezi wa nne. Watu wanapita na mbwa wao, wananitazama, wanasalimia, wanapita. Mzee mmoja akasimama nyuma yangu kama dakika mbili, akasema kwamba maji ni magumu kuchora, akaenda zake. Hayo ndiyo mazungumzo yote niliyofanya siku ile, na nilirudi nyumbani mwepesi kama niliyetoka kwenye harusi.

Lakini kilichonishika zaidi kwa huyu Constable ni mawingu yake. Baba yake alikuwa msaga nafaka, na msaga nafaka wa zama zile ilibidi ajue upepo na mvua, na yeye kijana alifanya kazi kwenye kinu cha upepo kabla hajaruhusiwa kwenda kusoma uchoraji. Mwaka 1821 na 1822 akiwa Hampstead, juu ya London, alichora mawingu matupu, karatasi baada ya karatasi, haraka haraka kabla hayajabadilika. Na nyuma ya karatasi nyingi aliandika tarehe, saa, na upepo unatoka wapi. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Hii si chati! Sisi manesi tunafanya hivyo hivyo mguuni pa kitanda: tarehe, saa, mapigo, pumzi, joto, presha. Umeona nini, saa ngapi, kinaelekea wapi.

Kuna jambo jingine kwenye habari hiyo. Constable alihamishia familia Hampstead kwa sababu mkewe Maria alikuwa dhaifu wa kifua, wakitafuta hewa safi. Ulikuwa ni ugonjwa wa kifua kikuu. Alifariki mwaka 1828 akaacha watoto saba, wa mwisho hajatimiza hata mwaka. Kijidudu cha kifua kikuu kilitangazwa na Robert Koch mwaka 1882, na dawa ya kwanza ya kukiua ikapatikana miaka ya 1940. Maana yake, hakuna mtu duniani aliyeweza kumtibu Maria. Sitaki kujifanya najua mumewe aliwaza nini. Ninachojua ni kwamba alikuwa na mgonjwa asiyeweza kumponya, na alikuwa akitoka nje, akitazama juu, akiandika saa. Nilipolitambua hilo nilikaa nikafikiri sana, maana na mimi nina wangu.

Sasa niwaambie kuchora mandhari kunafanya nini kwa mtu wa kazi yangu, maana nadhani ndilo jibu mnalolitaka.

Nesi anafundishwa kutazama rangi. Mgonjwa mweupe akipungukiwa damu unaona usoni haraka. Mgonjwa mweusi kama mimi lazima uvute kope ya chini, utazame kiganja, ulimi, fizi. Manjano unaitafuta kwenye weupe wa jicho. Ukosefu wa oksijeni unautafuta kwenye midomo na ulimi. Nilipoanza kuchora nikakuta macho ninayo tayari, ila nilikuwa nayafungia wodini. Kivuli cha mti si cheusi hata kidogo. Ukitulia unaona bluu ndani yake, unaona zambarau, unaona kijani. Siku hizi rangi nyeusi siigusi, nachanganya bluu iliyokolea na ile kahawia ya udongo uliochomwa, napata kijivu chenye uhai. Vilima vya mbali vinakuwa na bluu na kufifia kwa sababu kati yako na vyenyewe kuna hewa nyingi inayotawanya mwanga. Anga juu ya kichwa chako imekolea, ikishuka kwenye upeo inapauka. Na rangi za maji zina tabia moja, nyeupe yake ni karatasi yenyewe. Ukitaka wingu jeupe, unatakiwa ujue mapema pa kutogusa. Kazi kubwa ni kuacha.

Lakini tofauti kubwa ni hii. Kazini kila ninachokiona kinanidai. Pumzi zimefika 28 kwa dakika, ita daktari. Presha imeshuka, inua miguu, angalia dripu. Kidonda kimebadilika harufu, andika, piga simu. Macho yangu kwa saa 12 ni macho ya mdaiwa. Sasa pale mtoni kuna mwaloni umeinama kuelekea majini. Umeinama? Haya, uiname. Sina fomu ya kujaza. Wingu jeusi linakuja kutoka magharibi, siwajibiki nalo, kazi yangu ni kuona lina ncha ya rangi gani kabla halijanilowesha. Mimi nilidhani nimechoka kutazama. Kumbe nilikuwa nimechoka kutazama huku nikidaiwa nitengeneze. Kulala hakukuniondolea uchovu huo, maana usingizini nilikuwa bado natengeneza.

Na msidhani nesi huyu amechanganyikiwa na ushairi. Florence Nightingale mwenyewe, kwenye kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, alieleza kwamba rangi na vitu vizuri vya kutazama vina athari kwenye mwili wa mgonjwa, si kwenye mawazo peke yake. Na mwaka 1984 mtaalamu mmoja wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha utafiti wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao madirisha yalitazama miti, nusu yalitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walilazwa wastani wa siku 7.96, wa ukuta siku 8.70, na wale wa miti walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Wagonjwa 46 si wengi, sitawaambia kwamba mti ni dawa. Lakini tangu niusome, mgonjwa akiniomba nimgeuzie kitanda kielekee dirishani, nafasi ikiruhusu namgeuzia.

Turudi kwa yule aliyesema ni shughuli ya wazungu. Ndugu yangu, kuna mtu anaitwa Sam Ntiro, Mchagga mwenzangu, alizaliwa mwaka 1923. Alisoma uchoraji Makerere, kisha miaka ya 1950 akaja kusoma Slade, chuo cha sanaa cha London. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 akarudi London kama balozi wetu. Huyu mtu alichora nini? Alichora vihamba, migomba, watu wakilima na kuvuna, njia za kijijini kwao Kilimanjaro. Picha yake moja ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi mbege usiku, iko kwenye jumba la sanaa ya kisasa la New York. Na Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, ndiye kati ya walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965. Kwa hiyo mtu wa mlimani kushika brashi si jambo geni. Sisi ndio tuliosoma sayansi mpaka tukawasahau.

Sasa nifike kwa mama.

Kila Jumapili nampigia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hujambo?" Zamani baada ya hapo ilikuwa orodha: matone umeweka, presha umepima, umekula nini, nani kakupeleka kliniki. Nilikuwa nampokelea ripoti kama nabadilishana zamu na nesi mwenzangu. Nilipoanza kuchora, siku moja akaniuliza, "Na huko leo mawingu yakoje?" Mama ni mkulima wa kahawa na ndizi, mawingu kwake ni kama benki. Nikamweleza: ya chini ni mazito, rangi ya majivu ya jikoni, ya juu ni membamba kama pamba iliyochambuliwa, upepo unatoka baharini. Akasema, "Hayo yatanyesha kabla ya jioni." Na ikanyesha! Tangu siku hiyo simu zetu zimebadilika. Matone bado namuuliza, ila mwishoni. Tunaanza na mawingu, ya kwangu na ya kwake.

Mwaka 2024 akaniambia neno lililonikaa. Alisema, "Mlima siku hizi siupati wote. Nikishika kilele, mabega yamepotea. Nikitafuta mabega, kilele hakipo." Mimi nikajua maana yake kwa lugha ya hospitali, uwanja wa kuona umebana zaidi. Nikanyamaza. Nilikuwa na maneno gani? Daktari wake anafanya yote yanayowezekana, matone hakosi.

Usiku ule nikiwa kazini ndipo lilinijia. Kama tundu lake ni dogo, basi kitu kidogo kinaweza kuenea. Si anatunga uzi kwenye sindano? Mlima ni mkubwa kuliko tundu, lakini picha ya ukubwa wa kadi ya posta, akiinyoosha mbele ya macho kwenye mwanga mzuri, inaweza kuingia nzima.

Nikaanza kuuchora mlima. Mpwa wangu, yule wa boksi la rangi, akapiga picha kwa simu alfajiri, maana mnajua Kibo tabia yake, asubuhi inajionyesha, jua likipanda inajifunika mawingu mpaka jioni. Lakini picha ya simu ilifanya kila kitu cheupe na bluu. Rangi akanipa mama kwa kumbukumbu. Alisema, "Asubuhi ile theluji si nyeupe. Ni kama ufizi wa mtoto mchanga. Halafu inakuwa kama maziwa, halafu ndiyo nyeupe." Msitu wa chini akasema ni kama nyuma ya jani la mgomba. Nilichana kadi nyingi kabla sijaipata ile rangi ya ufizi.

Nikamuuliza barafu niiweke kiasi gani. Barafu ya Kilimanjaro, kwa vipimo vya wanasayansi, zaidi ya asilimia 80 ya iliyokuwepo mwaka 1912 ilikuwa imekwisha ilipofika 2007. Mama alipokuwa binti ilikuwa inashuka chini zaidi kuliko sasa. Nilidhani atataka ile ya ujana wake. Akasema, "Chora ya sasa. Ile ya zamani ninayo mwenyewe."

Kadi ilikwenda na dada mmoja wa Moshi aliyekuwa anasafiri, ile haina uzito, hakuna mzani wa kuikataa. Ilipofika wakanipigia kwa video. Mama amekaa kwenye kigoda nje, ameishika kwa mkono ulionyooka, anaisogeza kidogo, anairudisha, kama anayetafuta stesheni kwenye redio. Kisha mkono ukatulia. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Akasema, "Umeenea." Basi. Hakusema ni nzuri, na kwa kweli upande wa kushoto nilikuwa nimeunenepesha. Aliponirudia tena kwenye simu aliniambia mabega ya mlima si mnene hivyo, nipunguze. Kadi za sasa hivi zimefika tisa, na kila moja ina marekebisho yake.

Kwa hiyo ndugu zangu hilo ndilo jibu langu. Kuchora hakujamponya mama, wala hakujaongeza manesi kwenye wodi yetu, upungufu uko pale pale. Ile barua ya kuacha kazi bado ipo kwenye kompyuta, sijaifuta na sijaituma. Shifti za ziada bado nachukua, ila siku moja kwa wiki si ya kuuza.

Kama kuna anayetaka kujaribu, hasa nyie wenzangu wa zamu za usiku: nunua boksi dogo la rangi za maji, brashi moja ya mviringo, na karatasi ya gramu 300, nyembamba zitajikunja ukizilowesha. Anza na anga peke yake. Lowesha karatasi kwanza, weka bluu juu, iache ishuke yenyewe, pa mawingu usipaguse. Nyuma andika tarehe, saa na upepo. Simu iache mfukoni. Picha itakuwa mbaya, usimwonyeshe mtu, kesho chora nyingine.

Na la mwisho nasema kama nesi, tafadhalini sana. Glakoma inatembea kwenye familia, na sisi Waafrika inatupata zaidi na mapema zaidi. Ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huu, usingoje kuona vibaya, nenda ukapimwe macho na uwaambie na wenzako nyumbani. Mimi na ndugu zangu wote tumepimwa. Mama ndiye aliyetusukuma, mmoja mmoja, kwa majina.

Haya, naishia hapa, chai imepoa na nje pamefunguka kidogo. Nawatakieni Jumapili njema wote. Na nyie wenzangu mlioko mbali na wazee wenu, mnawapelekea nini ambacho Western Union haiwezi kukibeba? Niambieni, nami nijifunze.